Botania, misitu au kilimo? Jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada anasema mdogo wake amemaliza kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia na biolojia), pointi za udaktari hazikutosha, na sasa anapima kozi tatu: botania (sayansi ya mimea) pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, misitu SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, au kilimo. Mzee wao hapo Tabata amekwisha kutamka kwamba hakulipa ada miaka yote hiyo ili mtoto akashike jembe. Mkuu, mimi nimesoma botania Mlimani na ndiyo inayonilisha hadi leo, kwa hiyo nitaongea zaidi kwa upande huo.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia tukijaza fomu ni kwamba kilimo na misitu ni kada. Kuna Afisa Kilimo, kuna Afisa Misitu, halmashauri zinawajua na TFS, wakala wa misitu wa serikali, inawajua. Botania ni sayansi. Tangazo la "Afisa Botania" nimelisubiri mpaka nimeota mvi mbili. Hiyo haina maana kwamba hakuna kazi, ila kazi haikusubiri mlangoni na jina lako juu yake.

Yangu imetoka kwenye tathmini za athari kwa mazingira. Sheria ya mazingira ya 2004 inazidai kabla ya miradi mikubwa, na timu inayokwenda porini huhitaji mtu wa kusema huu ni mti gani, ni adimu au umejaa kila mahali. Mchana mnapima viwanja vya sampuli, jioni wenzako wakienda kula wewe uko na magazeti unabana matawi yakauke. Karatasi zisipobadilishwa, asubuhi unakuta ukungu. Na rangi ya ua unaiandika palepale ulipolichuma, kwa sababu likikauka rangi hupotea na hakuna wa kukukumbusha. Usichokijua unakipeleka kwenye hifadhi ya mimea mikavu kulinganisha, au unafungua vitabu vya Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kutolewa 1952 na kukamilika 2012. Miaka sitini kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania! Dogo akisikia hilo akachangamka, huyo ni wa botania. Akipiga miayo, msimlazimishe.

Kipimo kingine ni cha bure. Mpeleke ufukwe wa Kunduchi maji yakiwa yametoka, aangalie mikoko. Mkoko wenyewe unasimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mchu, aina nyingine ya mikoko, umechomoza vijiti vya kupumulia kutoka kwenye tope, na majani yake yanatoa chumvi, ukilamba unaisikia. Kwa nini miti miwili ya tope moja iishi kwa njia tofauti hivyo? Wa botania ataanza kuuliza hilo. Wa misitu atauliza wanaoishi jirani wanakata miti kiasi gani na inarudi kuota baada ya muda gani. (Wa kilimo atataka kurudi nyumbani, pale hapalimiki.)

Misitu basi. Huko kuna hesabu kuliko watu wanavyodhani: kipenyo cha mti kinapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, unapata ujazo, unapanga uvunaji na upandaji. Mafunzo ya vitendo yanawapeleka Olmotonyi, Arusha, na Mazumbai kule Usambara. Mtoto wa Dar asiyependa baridi ajiandae. Kinachonivutia ni kwamba ngazi ziko nyingi: cheti na stashahada Olmotonyi, chuo cha viwanda vya misitu Moshi, ufugaji nyuki Tabora.

Kilimo ndicho kipana zaidi, na hapo ndipo mzee anakosea. Afisa ugani halimi shamba la mtu, anagundua kwa nini mahindi yamekuwa ya njano. Kuna udongo, mbegu, wadudu, bustani, uchumi wa kilimo. Kama fedha ni tatizo, vyuo vya MATI (vyuo vya mafunzo vya wizara ya kilimo) kama Ilonga, Uyole au Ukiriguru vinatoa stashahada, na wenye stashahada ndio wengi huko kwenye kata. Nimeona waliopita njia hiyo wakaanza kupokea mshahara huku sisi wenye digrii tunazunguka na bahasha Posta.

Kuna aliyeuliza hapo juu kwa nini SUA iko Morogoro na si huku Dar. Kitivo cha kilimo kilikuwa cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lakini kilikaa Morogoro, kikawa chuo kamili 1984 na kupewa jina la Sokoine, waziri mkuu aliyefariki ajalini Aprili mwaka huohuo. Siku hizi Mlimani nako kuna kozi za kilimo.

Ushauri wangu kwa PCB ya kawaida na familia inayotaka ajira iliyonyooka: aweke kilimo au misitu kwanza, botania ya pili. Kama Kunduchi amegoma kuondoka, geuzeni. Na mama akilalamikia umbali, treni ya SGR inafika Morogoro tangu 2024, wikiendi anarudi kula kwao.