Kuhifadhi draiva kabla ya kusakinisha Windows upya: makosa niliyofanya na ninavyofanya sasa

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kuna haja ya kuhifadhi draiva za kompyuta yako (programu zinazoiwezesha Windows kuendesha vifaa kama kadi ya mtandao na skrini) kabla ya kuifomati na kupiga Windows upya, au inatosha kuiachia Windows izitafute yenyewe mtandaoni. Waliotangulia kukujibu wamesema kwamba Windows za siku hizi hujitafutia kila kitu, na kwa sehemu kubwa wamesema kweli. Shida iko kwenye sehemu ndogo iliyobaki: Windows haiwezi kutafuta draiva mtandaoni kabla ya kuupata mtandao, na haiupati mtandao bila draiva ya kadi ya mtandao. Nimewahi kunasa hapo, na nimewahi kunasa mahali pabaya zaidi, ambapo kisakinishi hakikuiona hata diski ya kuwekea Windows yenyewe. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Mara ya kwanza nilidhani nimejiandaa. Nilikuwa nimesikia kwamba draiva hukaa ndani ya System32, folda ya mfumo ya Windows, kwenye folda iitwayo drivers, nikainakili yote kwenye flashi, kisha nikafomati diski bila wasiwasi. Windows ilipomaliza kujisakinisha, alama ya Wi-Fi haikuwapo, maandishi ya skrini yalikuwa makubwa na yenye ukungu, na mwanga wa skrini haukukubali kupunguzwa. Nikafungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta, nikakuta alama za njano za mshangao zimepangana, na kwenye kadi ya mtandao kosa namba 28, ambalo maana yake ni kwamba kifaa hakina draiva. Nikaielekeza Windows kwenye flashi yangu. Ikatafuta, ikarudi na jibu kwamba haikuona draiva yoyote. Nilikuwa na mamia ya faili za .sys mkononi, na hakuna hata moja iliyonifaa.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba draiva ni kifurushi, si faili moja. Faili ya .sys ndiyo inayofanya kazi, lakini inayoieleza Windows kwamba kifurushi hiki ni cha kifaa gani, faili zipi ziwekwe wapi na nini kiandikwe kwenye sajili ya mfumo (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ni faili ya .inf, na faili ya .cat ndiyo inayobeba saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba yaliyomo hayajachezewa. Ukiwa na .sys bila .inf, Windows haina pa kuanzia. Vifurushi vilivyo kamili huhifadhiwa mahali pengine kabisa, kwenye C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository, na humo ndimo amri nitakazokupa hapa chini zinamochukua.

Huhitaji programu ya ziada kwa kazi hii. Tangu Windows 10 toleo la 1607, lililotoka mwaka 2016, amri iitwayo pnputil imekuwa na uwezo wa kutoa nakala za draiva zote ambazo hazikuja na Windows yenyewe. Chomeka flashi au diski ya nje, tengeneza humo folda tupu (tuseme D:\Draiva), fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, kisha andika:

pnputil /export-driver * D:\Draiva

Amri ya pili inayofanya kazi hiyohiyo ni hii:

dism /online /export-driver /destination:D:\Draiva

Nimezitumia zote mbili na sijaona sababu ya kuipendelea moja. Kinachotoka ni folda nyingi, kila moja ikiwa na kifurushi chake, zenye majina marefu yanayoanza na jina la faili ya .inf, kisha neno kama amd64, kisha mfuatano wa herufi na tarakimu. Neno hilo amd64 lisikushtue ikiwa prosesa yako ni ya Intel. Linamaanisha tu kwamba draiva ni ya mfumo wa biti 64. Hata hivyo lisome vizuri, kwa sababu draiva ya biti 32 haitaingia kwenye Windows ya biti 64, wala ya biti 64 haitaingia kwenye ya biti 32. Kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, kwa uzoefu wangu, draiva huhamia bila matata.

Hifadhi pia orodha, maana majina ya folda peke yake hayakuambii mengi:

pnputil /enum-drivers > D:\orodha.txt

Ndani ya faili hiyo utaona kila kifurushi, aliyekitengeneza, aina ya kifaa, na tarehe na toleo lake. Mimi huifungua palepale, kabla sijafomati chochote, nikatafuta mambo mawili: draiva ya mtandao na draiva ya kidhibiti cha diski (sehemu inayoiunganisha diski na kompyuta). Nikishazipata, folda zake nazinakili mara ya pili kwenye folda mbili za peke yake, Mtandao na Diski. Ni kazi ya dakika mbili, lakini utakapokuwa mbele ya skrini ya usakinishaji isiyo na msaada wowote, hutataka kupekua folda themanini zenye majina yanayofanana.

Jambo hili la diski nilijifunza kwenye laptopu ya rafiki yangu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11. Tulianza usakinishaji vizuri, tukafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, na ukurasa ulikuwa mtupu. Rafiki yangu aliamini diski imekufa. Haikuwa imekufa. Kuanzia kizazi hicho laptopu nyingi huendesha diski zake kupitia utaratibu uitwao VMD, na flashi yetu ya usakinishaji haikuwa na draiva yake. Bahati yetu ni kwamba tulikuwa hatujafuta kitu: tulizima, tukarudi kwenye Windows yake ya zamani iliyokuwa bado inawaka, tukatoa nakala za draiva kwa amri ya pnputil, tukaanza upya. Safari hii tulibonyeza kitufe cha kupakia draiva kilicho kwenye ukurasa uleule wa diski, tukaielekeza kwenye folda yenye faili ya iaStorVD.inf, na baada ya sekunde chache diski ikajitokeza na sehemu zake zote. Wapo wanaoshauri kuzima VMD kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwa usakinishaji mpya kabisa njia hiyo hufanya kazi, lakini ukiizima kisha ukajaribu kurudi kwenye Windows ya zamani, huenda isiwake tena mpaka uirudishe ilivyokuwa. Mimi napendelea draiva.

Kikwazo cha pili kiko baada ya usakinishaji, kwenye hatua za kuandaa akaunti. Windows 11 ya Home, tangu ilipotoka mwaka 2021, hudai intaneti hapo, na kama kadi ya Wi-Fi haina draiva, kitufe cha kuendelea hakibonyezeki. Usiizime kompyuta. Bonyeza Shift na F10 kwa pamoja (kwenye baadhi ya laptopu ni pamoja na Fn), dirisha la amri litafunguka, kisha andika amri hii ukibadilisha herufi ya flashi kulingana na ilivyo kwako:

pnputil /add-driver E:\Mtandao\*.inf /subdirs /install

Mara nyingi orodha ya mitandao hujitokeza bila hata kuwasha upya. Isipojitokeza, rudi hatua moja nyuma kisha uingie tena. Ikiwa hukuhifadhi draiva yoyote, simu ya Android inayogawa intaneti kwa waya wa USB inaweza kukuokoa, kwa sababu kwa kawaida Windows huitambua kwa draiva yake yenyewe. Nimelazimika kutumia njia hiyo mara moja na ilinitoa.

Ukishaingia kwenye Windows mpya, kurejesha zilizobaki ni amri ileile ikielekezwa kwenye folda kubwa:

pnputil /add-driver D:\Draiva\*.inf /subdirs /install

Skrini itazimika na kuwaka kidogo draiva ya michoro inapoingia, usiguse kitu. Utaona pia vifurushi kadhaa vikiongezwa bila kusakinishwa kwenye kifaa chochote. Hilo halina ubaya, kwa kuwa nakala zako zinaweza kuwa na draiva za vifaa ambavyo havijachomekwa, au matoleo ya zamani yaliyobaki kwenye hifadhi ya Windows. Likiwapo toleo zaidi ya moja linalokifaa kifaa kimoja kwa kiwango kilekile, Windows hutazama tarehe, kisha namba ya toleo, na kuchukua jipya. Ikimaliza, washa upya kompyuta, kisha iendeshe amri hiyo mara ya pili. Vifaa vingine huwa havionekani kabisa mpaka draiva za chipseti (chipu za ubao mkuu zinazounganisha vifaa vingine) ziwe zimekaa, kwa hiyo mzunguko wa kwanza huvikosa.

Sasa, kuna hali mbili ambazo sikushauri kurejesha kila kitu, na hapa natofautiana na wanaosema hifadhi zote, rudisha zote. Ya kwanza ni kama unapiga Windows upya kwa sababu kompyuta imekuwa ikigoma ghafla na kuleta skrini ya bluu. Draiva mbovu ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya skrini hiyo, na ukirudisha nakala zote unaweza kuwa unaurudisha ugonjwa uleule kwenye mfumo mpya. Ya pili ni kama umefomati kwa sababu ya virusi: draiva hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo programu ya kawaida haifiki, na sipendi kubeba kitu cha ngazi hiyo kutoka kwenye mfumo niliokwisha kuutilia shaka. Katika hali ya kwanza narudisha ya mtandao na ya diski tu, zilizobaki nazipakua upya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Katika hali ya pili sirudishi hata moja. Napakua zote kwa kutumia kompyuta nyingine.

Usitegemee pia kwamba nakala hizi zitarudisha programu zinazoambatana na draiva. Jopo la kurekebisha michoro, programu ya sauti na ile ya vitufe maalumu vya kibodi mara nyingi ni programu za kujitegemea, nazo utazisakinisha tena. Printa nayo utaiongeza upya, hata kama draiva yake imerudi.

Mwenzetu mmoja hapo juu ameuliza afanyeje, kwa kuwa Windows yake imekufa na haiwaki kabisa. Bado inawezekana, mradi diski yenyewe ni nzima. Washa kompyuta kwa flashi ya usakinishaji, ingia sehemu ya kurekebisha mfumo, fungua dirisha la amri, na kwanza hakikisha herufi za diski, maana humo aghalabu hubadilika na ile C: uliyoizoea inaweza kuwa D:. Andika diskpart, kisha list volume, uzione. Ukimaliza andika exit. Katika mfano huu D: ni diski yenye Windows iliyokufa na E: ni flashi ya kuwekea nakala. Kisha:

dism /image:D:\ /export-driver /destination:E:\Draiva

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuisoma. Utafute ufunguo huo mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft, au popote ulipouhifadhi. Na kama umekwisha kusakinisha Windows mpya juu ya ya zamani bila kufomati, angalia folda ya Windows.old kwenye diski C: kabla ya kukata tamaa. Ndani yake kuna DriverStore ya zamani ikiwa na vifurushi vyake, na unaweza kuielekeza Device Manager humo, ukiiruhusu itafute na kwenye folda za ndani. Fanya haraka, kwa sababu kwa kawaida Windows huifuta folda hiyo baada ya siku 10.

Mwisho wa yote pitia Device Manager. Ukikuta kifaa kimebaki na alama ya njano, fungua sifa zake (Properties), nenda kwenye maelezo (Details), uchague vitambulisho vya maunzi (Hardware Ids). Mstari wa kwanza utafanana na PCI\VEN_10EC&DEV_ ukifuatiwa na herufi na tarakimu nne. VEN ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. DEV ni kifaa chenyewe. Mstari huo ndio unaopaswa kuutafuta ndani ya faili zako za .inf, kwa kuwa jina linaloonyeshwa pale, kama vile kifaa kisichojulikana, halikusaidii kitu. Ukiutafuta usiupate, ubandike hapa pamoja na modeli ya kompyuta na toleo la Windows uliloweka, nami nitakusaidia kuitafuta draiva yake.