Kutafuta nasaba ya Uskoti na Ayalandi mtandaoni: tovuti ipi iaminiwe, na pesa zianzie wapi

Dada, umeuliza ulipie tovuti ipi ili kupata asili ya babu mzaa babu wa mume wako, ambaye kwa maneno ya familia alitoka kaunti ya Donegal, Ayalandi, akaja Glasgow, Uskoti, kutafuta kazi, na umesema kwamba miti ya ukoo uliyoikuta mtandaoni inampa wazazi wa aina tatu. Nimeifanya kazi hii kwa muda mrefu kwa upande wa wakwe zangu, ambao nao ni watu wa Glasgow wenye asili ya Donegal, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: usivuke bahari kwenda Ayalandi kabla hujamaliza kila kilichoandikwa Uskoti. Najua hamu ni kukimbilia Donegal moja kwa moja, lakini usajili wa Uskoti, ulioanza tarehe 1 Januari 1855, ulikuwa na maswali mengi kuliko ule wa Ayalandi. Cheti cha kifo cha Uskoti kinataja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Cheti cha ndoa kinataja wazazi wa pande zote mbili. Na cheti cha kuzaliwa, kuanzia 1861, kinaeleza tarehe na mahali wazazi wa mtoto walipofungia ndoa. Cheti cha kifo cha Ayalandi cha enzi hizo hakitaji wazazi kabisa, na cha ndoa kinataja baba tu. Maana yake ni kwamba mtu wa Donegal aliyefia Glasgow ameacha habari nyingi zaidi za wazazi wake kuliko ndugu yake aliyebaki nyumbani akafia Letterkenny, mji wa Donegal.

Hati hizo ziko ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya hifadhi ya taifa ya kumbukumbu za Uskoti. Kujiandikisha na kutafuta kwenye faharasa ni bure. Kinachouzwa ni picha ya ukurasa wa rejista, kwa mtindo wa kununua krediti kwanza na kuzitumia kidogo kidogo bila kufungwa na malipo ya kila mwezi. Kwa mtu anayefuatilia ukoo mmoja huo ndio utaratibu ulio nafuu, kwa sababu unalipia ukurasa unaouhitaji na si zaidi. Elewa tu kwamba mtandaoni hutaona picha za vizazi vya chini ya miaka 100, ndoa za chini ya miaka 75 wala vifo vya chini ya miaka 50. Kwa hayo ya karibuni utaagiza cheti, au utamuuliza mama mkwe, ambaye huenda anacho ndani ya sanduku.

Picha ikifunguka, usikimbilie majina peke yake. Ukurasa wa vifo una watu watatu, na kila mmoja ana safu zake: jina, kazi na mwenzi wa ndoa, saa na mahali alipofia, umri, wazazi, ugonjwa, kisha aliyetoa taarifa. Safu hiyo ya mtoa taarifa ndiyo ninayoisoma kabla ya zote. Kwa upande wa wakwe zangu, jina la mama wa marehemu kwenye cheti cha kifo lilitofautiana na lililokuwa kwenye cheti chake cha ndoa, na tofauti hiyo ilikuwa imewagawa wenye miti ya ukoo katika makundi mawili. Taarifa ya kifo ilikuwa imetolewa na mkwe aliyeoa katika familia hiyo miaka mingi baada ya mwanamke yule kufariki, ilhali kwenye ndoa marehemu, wakati huo bwana harusi, alijieleza mwenyewe. Hati zote mbili ni za kweli na zote zimetoka serikalini, ila mmoja alisema anachokijua na mwingine alisema alichosikia.

Kwa hiyo ukiniuliza tovuti ipi inaaminika, nitakujibu kwa kuuliza inakuonyesha nini. Inayokuonyesha picha ya hati yenyewe, ikakwambia hati hiyo inatunzwa na nani na ina namba gani ya kumbukumbu, inastahili imani yako. Inayokupa maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye hati ni ya kukuongoza, lakini aliyenakili alikuwa akisoma mwandiko wa wino uliofifia, na huenda amesoma herufi moja kuwa nyingine. Inayokupa mti wa ukoo uliochorwa na mtu usiyemjua, bila hati hata moja iliyoambatanishwa, haijakupa chochote cha kusimamia, hata kama watu mia moja wameunakili mti huo huo. Katika Donegal hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu Gallagher, jina la mume wako, ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote katika kaunti ile, na desturi ya kumpa kifungua mimba wa kiume jina la babu mzaa baba ilifanya mabinamu kadhaa wa rika moja waitwe jina lile lile ndani ya parokia moja. Nadhani wale wazazi wa aina tatu uliowakuta ni wazazi wa watu watatu tofauti.

Ukishapata majina ya wazazi, na ikiwezekana mahali walipooana, ndipo uvuke. Huko utakutana na pengo kubwa: tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la hifadhi ya kumbukumbu lililokuwa Four Courts, makao ya mahakama mjini Dublin, lililipuka na kuungua, na humo zikateketea karibu sensa zote za 1821 hadi 1851. Sensa za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimeshaharibiwa na serikali yenyewe kabla ya hapo. Sensa kamili za kabla ya 1922 zilizobaki ni za 1901 na 1911. Tovuti yoyote inayodai kukuuzia sensa nzima ya Donegal ya 1851, ikimbie.

Hizo mbili zilizobaki ziko bure kwenye tovuti ya hifadhi ya taifa ya Ayalandi, pamoja na picha za fomu zenyewe. Fomu ya 1911 ni hazina. Mkuu wa kaya aliijaza na kutia saini, au kuweka alama ya msalaba kama hajui kuandika. Inaonyesha dini, anayejua kusoma, na anayezungumza Kiayalandi. Na kwa mwanamke aliyeolewa inauliza amekaa katika ndoa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi waliozaliwa wakiwa hai, na wangapi kati yao wangali hai siku ile. Umri ndio usiuamini sana. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, na wazee wengi ambao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa waliongezeka zaidi ya miaka kumi kati ya sensa ya 1901 na ile ya 1911. Ili kuthibitisha umri wao, maofisa walipekua sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa bado zipo, na karatasi za upekuzi huo zimesalia na zinapatikana bure katika hifadhi hiyo hiyo. Kama ndugu yeyote wa babu huyo alibaki Donegal na kuomba pensheni, huenda nyumba nzima ya wazazi wake imetajwa humo.

Kwa vyeti vya kiserikali tumia IrishGenealogy.ie, ambayo ni ya serikali na ni bure, picha zikiwemo. Usajili wa vizazi na vifo ulianza 1864, na wa ndoa za Wakatoliki pia. Ndoa za wasio Wakatoliki zinaanzia 1845. Usidanganyike na ramani ukaenda kulipia ofisi ya usajili ya Ayalandi ya Kaskazini: Donegal iko kaskazini kabisa mwa kisiwa, lakini ni sehemu ya Jamhuri ya Ayalandi. Hata hivyo, wilaya za usajili hazikufuata mipaka ya kaunti, na mtoto wa mashariki ya Donegal anaweza kuwa ameandikwa chini ya Strabane au Londonderry, miji iliyo upande wa pili wa mpaka. Usipomwona, tafuta na huko.

Kabla ya 1864 tegemeo lako ni daftari za ubatizo na ndoa za parokia. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka bure picha za rejista za Kikatoliki, nyingi zikifika hadi karibu 1880, nyingine zikiwa kwa Kilatini. Tovuti ya maktaba haina faharasa ya majina, kwa hiyo ni lazima uijue parokia, na ndiyo sababu nimesisitiza umalize Uskoti kwanza. Hapa ndipo pesa zinapoweza kusaidia: RootsIreland ina nakala zilizosomwa na vituo vya nasaba vya kaunti, na tovuti za Findmypast na Ancestry zina faharasa za rejista hizo za maktaba. Lipia mwezi mmoja, zima kujirudia kwa malipo siku hiyo hiyo, kisha kila jina unalolipata ukalihakikishe kwenye picha ya bure ya maktaba.

Wale wanaouza nembo ya ukoo wa Gallagher au wa MacDonald waache kabisa. Kwa sheria ya Uskoti nembo ni mali ya mtu aliyeidhinishiwa na Mahakama ya Lord Lyon, Edinburgh, inayosimamia nembo, na hakuna nembo ya watu wote wenye jina moja.

Anza na cheti cha kifo na cha ndoa cha babu huyo, kisha ununue vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake wote waliozaliwa Glasgow, si yule mmoja anayemhusu mume wako tu. Karani mmoja huandika Ireland basi, na mwingine, kwa mtoto anayefuata, huandika jina la parokia ambayo wazazi walifungia ndoa. Ukivipata, weka hapa majina na miaka. Mwandiko wa makarani wale unasumbua mwanzoni, na niko tayari kuusoma pamoja nawe.