Jibu: Babu wa mume alikuwa mchimbaji Easington, tuanzie wapi?

Habari dada. Umesema babu wa mumeo alichimba makaa ya mawe Easington, kaunti ya Durham, Uingereza, mkaenda mkaona kanisa na nyumba za zamani lakini mgodi hamkuuona.

Kwanza hakikisha mlifika penyewe. Easington Village na Easington Colliery ni sehemu mbili, ingawa zimepakana. Mgodi ulikuwa kwenye hii ya pili, upande wa baharini. Ulifungwa 1993 na majengo yakabomolewa. Pandeni kilimani, mtakuta kizimba cha chuma kilichokuwa kikiwashusha wachimbaji chini. Mume wangu alikishika kwa mikono miwili akanyamaza, nami sikumharakisha.

Kisha nendeni makaburini. Mlipuko mgodini humo tarehe 29 Mei 1951 uliua watu 83, wawili kati yao waokoaji. Kama babu alikuwa kazini miaka hiyo, mkiwauliza wazee wa familia habari zake msianzie hapo. Mimi nilianza na shangazi wa mume, nikamwomba kipande cha shaba chenye namba, kile mchimbaji alichokabidhi ili ijulikane nani yuko chini. Alikitoa kwenye kopo la vifungo, na maneno yakafuata yenyewe mpaka chai ikapoa.

Majina ya waliofia migodini yako kwenye tovuti ya Durham Mining Museum, tafuteni kwa jina la ukoo.

Mkiweza, rudini Jumamosi ya pili ya Julai, vijiji vya wachimbaji vinapoandamana Durham mjini na bendera zao. Ulizeni bendera ya Easington iko wapi, mtembee nyuma yake.