Vijana wa fildi, hilo jedwali la ukutani ni la mwaka gani?

Kila awamu ya fildi ikiingia maabara ya bakteria, makosa ya kupima kwa diski ni antibiotiki gani inazuia bakteria ni yaleyale, na yanauma kwa sababu yanaishia kwa mgonjwa. Tuelewane mapema, wadogo zetu.

1. Agari ya Mueller-Hinton (chakula cha kuoteshea bakteria) iwe na kina cha milimita 4, yaani kama mililita 25 kwenye sahani ya milimita 90. Ikiwa nene, duara lisilo na bakteria kuzunguka diski ya dawa linasinyaa. Ikiwa nyembamba, linapanuka.

2. Mchanganyiko wa bakteria ulingane na McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa mchanganyiko), utumike ndani ya dakika 15. Ukiwa mzito utapata usugu wa uongo.

3. Kusoma duara. Hapa ndipo penye maumivu. Mnapima vizuri kabisa, rula nyuma ya sahani: ciprofloxacin kwa E. coli, milimita 22. Halafu mnanyanyua macho kwenye ile karatasi ya mipaka ya ukutani iliyopauka, yenye madoa ya zambarau ya rangi ya Gram, mnaandika S (dawa inafaa). Karatasi ni ya kabla ya 2019! Zamani CLSI, taasisi ya Marekani inayotoa mipaka hii, walihesabu 21 kwenda juu kuwa S. Tangu toleo la 2019, S inaanzia 26, I (ya kati) ni 22 hadi 25, na R (sugu) ni 21 kushuka. (Salmonella ana mstari wake, msimchanganye humo.) Sahani ni ileile, kipimo ni kilekile, ila jibu mlilompa daktari wodini limepitwa na wakati, naye ameshaandika dawa.

Wengine wakishtuka wanakimbilia jedwali la EUCAST, kamati ya Ulaya ya mipaka kama hii, kwa kuwa linapakuliwa bure. Sawa, lakini someni kwanza maandishi juu ya diski. Ceftazidime ya EUCAST ni mikrogramu 10. Ya CLSI ni 30. Diski ya 30 ikisomwa kwa jedwali la 10, duara ni kubwa kupita kiasi na usugu unajificha. Tena I ya EUCAST, tangu 2019, maana yake dawa bado inafaa mradi mgonjwa apate kiwango kikubwa zaidi. Shikeni mfumo mmoja, andikeni jina na mwaka wake kwenye daftari la benchi, na mwaka ukianza karatasi ibanduliwe. M100, jedwali la mipaka la CLSI, nayo inasomeka bure mtandaoni.

4. Kwenye WHONET (programu ya kuhifadhi majibu haya) ingizeni milimita, si herufi. Mipaka ikibadilika, 22 itasomwa upya; S haisomeki upya. Utafiti uliotoka kwenye Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa) uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019, na ukakiri kuwa takwimu za nchi nyingi maskini ni haba. Milimita zenu ndizo zinazokosekana.

5. E. coli ATCC 25922, bakteria wa kukagulia ubora wa kipimo, kwa gentamicin ya mikrogramu 10 lazima itoe milimita 19 hadi 26. Ikitoa 17, majibu ya siku hiyo hayatoki. Anzeni kukagua katriji ya diski iliyoachwa mezani tangu asubuhi.