Malipo kwa saa za hewani na bondi ya miaka mitatu: jibu kwa rubani wa Kisauni aliyepewa wiki moja asaini

Assalaam alaykum. Ndugu aliyeuliza ameeleza kwamba yeye ni rubani msaidizi katika kampuni ndogo ya ndege yenye kituo chake hapa Kisauni, penye uwanja wa ndege wa Unguja, na kwamba menejimenti imewagawia waraka unaofuta mshahara wa mwezi na kuweka malipo ya saa za kuruka peke yake, pamoja na bondi mpya ya miaka mitatu kwa ajili ya mafunzo, yaani ahadi ya kubaki kazini muda huo au kurudisha gharama za kusomeshwa. Wametakiwa wasaini ndani ya wiki moja, na asiyesaini atahesabika kuwa ameacha kazi kwa hiari yake. Anauliza: wasaini au wagome? Nimerusha Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, kwa miaka mingi baina ya Unguja, Pemba, Tanga na Dar es Salaam, na wenzangu waliwahi kunichagua niwasemee katika mgogoro unaofanana sana na huo, katika kampuni ambayo sitaitaja. Jibu langu ni kwamba kwa sasa asifanye lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu kuna kazi ya hesabu na makaratasi inayotangulia, na kwa nilivyoona mimi hiyo ndiyo inayoamua mgogoro, tena mara nyingi kabla hata watu hawajakaa mezani.

Tuanze na saa, maana pesa zimekaa hapo. Waraka unasema "saa za kuruka", lakini saa hiyo inaweza kuhesabiwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Ya pili ni ile ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambayo huanza pale ndege inapojongea kwa mara ya kwanza kwa nia ya kuruka na kumalizika inaposimama kabisa mwisho wa safari, na hiyo ndiyo tunayoandika katika vitabu vyetu vya kumbukumbu. Ya tatu ni muda wa zamu, tangu unaporipoti kazini hadi unapoachiwa. Kwa rubani anayevuka bahari kwa muda wa saa nane kwenda Ulaya, tofauti ya hesabu ya kwanza na ya pili ni ndogo. Kwetu sisi ni riziki nzima. Safari ya Unguja kwenda Dar es Salaam ni kiasi cha dakika 20 hewani, na ukifika uwanja wa Julius Nyerere ukakuta ndege kubwa zimepanga foleni, dakika 10 za kutambaa ardhini si jambo la ajabu. Kampuni inayolipa dakika za hewani tu inakuwa imechukua theluthi ya safari yako bure, na mafuta yanaungua, injini inanguruma, dhamana ya abiria iko juu yako.

Halafu kuna kusubiri. Anayeijua kazi hii anajua siku inavyokwenda: unaripoti saa 12 alfajiri, unakagua ndege, unasimamia mafuta, unawasubiri wageni wa hoteli za Nungwi ambao gari lao limechelewa, unafika Chake Chake, unaambiwa abiria wa kurudi wako wawili na wengine wako njiani kutoka Konde, unakaa chini ya bawa kwa kuwa uwanjani hakuna kivuli chengine, unarudi, unapelekwa Tanga, unarudi tena. Jioni ukifungua kitabu unakuta saa nne au tano, ilhali umekuwa kazini tangu alfajiri. Waraka wa malipo ya saa za hewani peke yake maana yake ni kwamba hasara yote ya ratiba mbovu inahama kutoka kwa aliyepanga ratiba na kuwa mzigo wa rubani, ambaye hana sauti katika kuipanga.

Sisi tulipokwenda mezani hatukuanza na neno dhiki wala neno familia. Tulichukua kurasa za kitabu cha ufundi cha ndege za mwezi mmoja wa kawaida, ambamo huandikwa muda wa kuondoka na wa kusimama kwa kila safari, tukaziweka kando ya hati za malipo za mwezi ule ule. Mhasibu wa kampuni, mtu makini na asiyependa maneno, aliomba kikokotoo akaanza kujumlisha mwenyewe, safari kwa safari, kwa kalamu ya risasi pembezoni mwa karatasi. Alipofika kwenye safari za Pemba alisimama, akarudi juu, akajumlisha tena, kisha akamgeukia meneja wa uendeshaji akamuuliza hizi dakika nyengine anazilipa nani. Tangu hapo mazungumzo yalibadilika sura, kwa kuwa aliyeuliza hakuwa sisi. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kitu chochote, wewe na wenzako kusanyeni kumbukumbu zenu wenyewe za miezi iliyopita: rosta, vitabu vya saa, hati za mshahara na ujumbe wa simu wa kubadilishiwa zamu. Msichukue siri za kampuni wala majina ya abiria. Chukueni yanayowahusu nyinyi.

Hesabu hiyo ifanyeni kwa mwezi wa msimu na kwa mwezi wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei hoteli nyingi hupunguza kazi au hufunga, ndege hukaa, na rubani wa malipo ya saa hukaa nayo. Mwaka 2020 serikali ilisimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa kuanzia tarehe 12 Aprili hadi 18 Mei, na Zanzibar isiyo na wageni ni kituo kisicho na saa. Ndiyo maana dai la maana kuliko yote, kwa maoni yangu, si kiwango cha saa bali ni saa za uhakika, yaani idadi ya saa ambazo utalipwa kila mwezi hata kama hukuruka. Sisi tulizipata. Hatukupata posho ya nyumba, na kusema kweli tuliiacha mapema ili tupate hilo.

Sasa suala la sheria, ambalo hapa kwetu lina utata wake, na wengi huliruka. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, hivyo leseni yako imetolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na kanuni za usalama ni zile zile Bara na Visiwani. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004, ambayo yenyewe inasema inawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara. Kampuni nyingi zinazoruka hapa zimesajiliwa Dar es Salaam na zina kituo Kisauni, na mkataba umeandikwa na wakili wa Dar es Salaam. Kwa hiyo soma mkataba wako na utafute majibu haya: mwajiri ni kampuni ipi hasa, kituo chako cha kazi kimetajwa kuwa wapi, sheria gani imetajwa kuutawala, na michango yako inakwenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, au NSSF, ule wa Bara. Nimewahi kumwona rubani mwenye haki iliyo wazi akipeleka shauri upande mmoja wa bahari, akaambiwa mahali pake ni upande wa pili, na muda ukawa umempita. Kwa upande wa Bara, anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai mengine yana siku 60. Kwa upande wetu mlango ni Kamisheni ya Kazi na kitengo cha kushughulikia migogoro kilichowekwa na ile sheria ya mahusiano kazini, na juu yake Mahakama ya Kazi. Nendeni mkaulize mapema, hata kabla hamjawa na shauri.

Ikiwa mkataba wako unatawaliwa na sheria ya Bara, kifungu cha 15 kitakufaa sana. Kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana nawe na akuarifu kwa maandishi. Tena kinaongeza kwamba shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Kugawa karatasi Jumatatu na kudai saini Jumatatu ya pili kunaweza kuitwa mambo mengi, ila kushauriana sijui kama kunaingia.

Kuhusu kugoma, nitasema kwa ufupi. Sheria zinatofautisha malalamiko ya haki, ambayo tayari imo katika mkataba au sheria, na mgogoro wa maslahi, ambao unaomba jambo jipya. Mgomo halali ni wa maslahi, na kwa sheria ya Bara hauji ila usuluhishi umeshindikana, kura imepigwa na wengi wamekubali, na mwajiri amepewa notisi ya saa 48. Kuna wanaosema kwamba rubani hawezi kugoma kabisa kwa kuwa ni huduma muhimu. Orodha ya huduma muhimu katika sheria hiyo inataja uongozaji wa ndege na mawasiliano ya anga, haitaji urubani kwa jina. Lakini haki ya kugoma na nguvu ya kugoma ni vitu viwili. Marubani wa Kenya Airways walio katika chama chao, KALPA, wapatao 400, waligoma tarehe 5 Novemba 2022 wakidai pamoja na mengine michango ya mfuko wao wa akiba, na ndani ya siku chache mahakama ya kazi iliwaamuru warudi. Hao wana chama cha miaka mingi na mkataba wa hali bora. Nyinyi mko wangapi? Na wangapi kati yenu ni wageni ambao vibali vyao vya kazi vimefungwa kwa mwajiri huyo huyo? Hao watasaini kwanza, na msiwalaumu.

Bondi nayo isomeni kwa utulivu. Sipingi bondi kwa asili yake, kwa sababu mafunzo ya ndege mpya na ya mashine ya kuigiza urushaji ni gharama kweli, na mwajiri ana haki ya kuogopa kumsomesha mtu akahamia kwa jirani mwezi unaofuata. Ninachopinga ni bondi isiyo na risiti. Dai liwe ni gharama iliyolipwa kweli, ionyeshwe kwa ankara, ipungue kila mwezi unaofanya kazi, na ife yenyewe endapo ni kampuni inayokuachisha. Bondi ya miaka mitatu isiyopungua, ambayo mwezi wa 35 bado unadaiwa kiasi kile kile cha siku ya kwanza, ni kufuli. Kadhalika angalia kama waraka umeingiza idhini ya kukukata mshahara: sheria ya Bara hairuhusu mwajiri kukata deni ila kwa ruhusa ya sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi wa migogoro, au kwa maandishi yako mwenyewe, na maandishi hayo huwa yamefichwa katika aya ya mwisho kwa herufi ndogo.

Kuna jambo moja ambalo marubani hawapendi kulisikia. Udhaifu wetu mkubwa si menejimenti, ni njaa ya saa. Kijana anatoka chuoni na leseni ya rubani wa kibiashara akiwa na saa mia mbili na kitu za kuruka, na ili afikie leseni ya juu ya rubani wa mashirika anahitaji 1,500. Caravan inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, hivyo kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, mwajiri huweza kukiona ni hisani yake, na yuko atakayekikalia kwa nauli na chakula. Marekani waliyapitia haya katika mashirika madogo yanayoyaletea abiria yale makubwa: ndege ya Colgan Air ilipoanguka karibu na Buffalo tarehe 12 Februari 2009 na kuua watu 50, uchunguzi uliibua hadharani ujira mdogo wa rubani msaidizi, ambaye alikuwa amesafiri usiku kucha akivuka nchi ili afike kazini. Mwaka 2013 wakaweka sharti la saa 1,500 hata kwa rubani msaidizi wa mashirika hayo, marubani wakaadimika, na miaka ya baadaye mishahara ikapanda mno. Sisi hatuna sheria hiyo, kwa hiyo makapteni wakikubali ofa watakayopewa wao peke yao na kuwaacha wasaidizi nyuma, watajikuta mwakani wanaambiwa viwango vyao ni vikubwa kuliko soko.

Na tafadhali, uchovu usiutumie kama fimbo ya mazungumzo. Ukichoka, sema umechoka na usiruke, leo na siku zote, awe analipwa mtu au halipwi. Siku utakayosema umechoka kwa ajili ya kuwabana, kapteni mwenzako atakaposema kweli hataaminiwa.

Kwa wiki hii, basi, andikeni barua moja kwa pamoja, fupi, isiyo na hasira. Semeni mmepokea waraka wa tarehe fulani, kwamba hamjaukataa, kwamba mnaendelea na kazi kwa masharti ya mkataba uliopo, na mnaomba kikao, tafsiri ya "saa za kuruka" kwa maandishi, idadi ya saa za uhakika, na ankara za mafunzo yanayodaiwa. Maneno kwamba mnaendelea na kazi ni muhimu kuliko yote, kwani ndiyo yanayoziba ile njia ya kusema mmeacha wenyewe. Pelekeni nakala mbili, nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, na ofisi ikikataa kugonga, tumeni kwa barua pepe siku hiyo hiyo mkinakili kwa wote waliotia saini. Aliyekwisha kuusaini waraka naye aombe nakala yake iliyosainiwa na pande zote mbili. Akinyimwa, aombe tena kwa maandishi, na barua hiyo aiweke pamoja na kitabu chake cha saa.