Kwa vijana wapya wa dawati la tiketi

Wiki hii nimemsikia tena kijana wetu akimwambia mteja kwamba Dar hadi Kigali ni dakika 45. Kaona kuondoka 10:00, kufika 10:45, akatoa. Mdogo wangu, kutoa unajua, hongera. Ila Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo safari ni saa moja na dakika 45. Siku ya kurudi tiketi ingesomeka kama saa mbili na dakika 45, na mteja angekuuliza ndege inapitia wapi. Haya, kaeni tuongee.

1. Saa za kwenye tiketi ni za mji husika. Zilete zote kwenye saa za mji mmoja kwanza, ndipo utoe. Kinshasa na Lubumbashi ni nchi moja, saa zao hazilingani. London wakati wa kiangazi tunawazidi saa mbili, wakati wa baridi tatu.

2. Kilomita za basi usizipeleke angani. Dar hadi Nairobi kwa barabara, kupitia Namanga, inakaribia kilomita 900. Angani hazifiki 700. Wala usichukue umbali ukagawanya kwa kasi ya ndege ukadhani umemaliza. Kwa hesabu hiyo Zanzibar, kilomita sabini na kitu tu, ingekuwa dakika tano! Ratiba inahesabu tangu ndege inapoacha maegesho hadi inaposimama tena, pamoja na kupanda na kushuka. Na Mwanza kwa pangaboi si sawa na Mwanza kwa jeti.

3. Usiku. Hapa ndipo watu wanapolia. Mama mmoja wa Kariakoo alikuwa anakwenda Dubai kufuata mzigo, ndege ya 00:40, Jumamosi. Kijana wa dawati akamsomea kama ilivyoandikwa: "Jumamosi, mama, saa sita na dakika arobaini usiku." Hakudanganya hata neno. Mama akaandika kwa kalamu juu ya bahasha: J'MOSI USIKU. Ijumaa akalala zake. Jumamosi akafunga duka mapema, akaaga watoto, akafika uwanjani saa tatu usiku na masanduku mawili matupu, nadhifu kabisa, akaambiwa ndege yake iliondoka jana usiku. Simu aliipiga kwangu. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza tu, "Mwanangu, kwani leo si Jumamosi?" Ningemjibu nini? Kwetu siku inaanza kukikucha, kwenye mfumo inaanza saa sita usiku. Basi semeni hivi: "Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Ijumaa saa tatu na nusu usiku uwe umeshafika uwanjani." Kisha mwambie arudie yeye kwa mdomo wake. Akikuona msumbufu, mwache.

4. Alama ya +1 kwenye saa ya kufika si pambo. Ni kesho yake. Anayekwenda kumpokea naye aambiwe.

5. Kwenda na kurudi si lazima vilingane, hata saa za miji ukishazisawazisha. Nairobi–New York ya moja kwa moja ilipoanza 2018, ratiba ilikuwa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kule juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi: ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma. Mteja akiuliza, mjibu hivyo. Msimwambie rubani wa kurudi huwa na haraka ya nyumbani. Nimelisikia hilo hapahapa dawatini, na mteja aliandika.