Vocha za mgahawa na maili za ndege, je kuna riba?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi mtu wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, naendesha lori. Huku kuna vocha za mgahawa zinauzwa mtandaoni, ya dola 25 unaipata kwa dola 10, na ukinunulia kupitia ukurasa wa shirika la ndege wanakuwekea maili kwenye akaunti yako, yaani pointi za kukatia tiketi za ndege. Zikija ofa kubwa nanunua nyingi, sasa hivi ninazo 14 kwenye imeili na mgahawani nimeenda mara mbili tu. Nia yangu nimpeleke mama umra kwa hizo maili. Jamaa mmoja msikitini kanambia hiyo riba, umetoa 10 umepata 25. Mwingine anataka nimuuzie maili. Nimechanganyikiwa sheikh.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mungu akulipe kwa nia ya mama. Ila ntakwambia ukweli ndugu yangu, hizo vocha 14 zimenikaa kichwani kuliko hiyo riba ya jamaa yako.

Tuanze na riba basi. Hadithi ya Ubada bin Samit aliyoipokea Muslim imetaja dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi, vya aina moja vikibadilishwa viwe sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Noti zetu za leo wanazuoni wamezipeleka kwenye hukumu ya dhahabu na fedha, hapo jamaa yako yuko sawa. Lakini hiyo vocha si dola. Ipeleke benki uone, au mwambie mwenye mgahawa akupe 25 taslimu, si atakucheka? Ile inasema tu kwamba ukila hapa chakula cha kuanzia dola 35 tunakutolea 25 kwenye bili, kwaiyo ulichonunua ni kupunguziwa bei, hujabadilisha pesa kwa pesa, na riba hapo siioni.

Penye mjadala hasa ni gharar, yaani kununua kitu hujui utapata nini. Mtume swalallahu alayhi wasallam amekataza biashara ya gharar, na Baraza la Fiqhi la Rabita, ile Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, pale Makka mwaka 2006 lilizuia kadi za punguzo za kulipia, zile unatoa ada ya mwaka halafu hujui utazitumia mara ishirini au hata mara moja, yaani mmoja kati yenu lazima aliwe. Wako wanaoipeleka vocha kwenye hukumu hiyohiyo na siwalaumu. Mimi naona ni tofauti, manake vocha yako ina mgahawa unaojulikana, kiasi kinajulikana, na masharti yameandikwa, ila uyasome kabla hujalipa! Wengi hawasomi. Tuseme bili imekuja dola 40, wanatoa 25, zinabaki 15, halafu migahawa mingi ya vocha hizi inakuwekea bakshishi ya asilimia 18 juu ya ile 40 yote kabla ya punguzo, hiyo dola 7 na senti 20, ongeza 10 uliyonunulia vocha, jumla umetoa 32 na senti 20 bila kodi. Bila vocha ungetoa 47 na senti 20, kwaiyo umeokoa 15, sio 25 kama ilivyoandikwa kwa maandishi makubwa. Na ukienda peke yako bili ikaishia 34 vocha haishiki, ndo unamuona mtu anaagiza soda ya tatu ili afike 35. Ukiyajua yote haya na ukaridhia, gharar imebaki kidogo na kidogo kinasamehewa.

Chakula chenyewe sirefushi, nyama isiyo na uhakika unaijua hukumu yake, kula samaki au tafuta vocha za migahawa ya halali, na meza inayozungushiwa pombe usikae.

Sasa maili. Mambo haya yalianza 1981 American Airlines walipoanzisha AAdvantage, mpango wao wa maili, mwanzo ulipata maili kwa kupanda ndege, siku hizi mtu anakusanya hata eapoti hajakanyaga. Maili hazitoki hewani, muuza vocha analipia kwa shirika ili akuvute wewe mnunuzi. Kwako wewe ni zawadi juu ya manunuzi, na zawadi za maduka sheikh Ibn Uthaymin alizijuzisha kwa masharti mawili, bei isipandishwe kwa sababu ya zawadi, na mnunuzi awe anakihitaji kile kitu, sio ananunua kwa kufukuzia zawadi.

Na hapo kwenye sharti la pili ndo umekwama ndugu yangu. Vocha 14 ni dola 140 zimeshatoka, na ili uzitumie zote utaagiza chakula cha dola 490, wewe dereva wa lori, wiki nzima uko barabarani unakula chapati ulizobeba kwenye bakuli. Ukiziacha zife umelipia hewa, na Suratul Israa imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Nunua ile utakayoila. Hizo ulizonazo angalia zinazoruhusiwa kupewa mtu mwingine ugawe, kuna wanafunzi hapo Columbus wanaishi kwa indomi, na nyingine wapeleke watoto. Maili ulizokwishapata sikwambii uzirudishe, tubu kwa hiyo israfu na uzitumie.

Kama unalipia kwa kredit kadi maliza deni lote kabla ya tarehe, ukichelewa ukakatwa interesti hapo ndo riba yenyewe, tena ile jamaa yako hakuitaja.

Kuuza maili, hapana. Mashirika karibu yote yamekataza kwenye masharti uliyobonyeza kukubali, wakikugundua wanafunga akaunti na maili zinapotea, na Mtume kasema Waislamu wako kwenye masharti yao. Kumkatia mtu tiketi kama zawadi kwa kawaida wanaruhusu, kwa mama hakuna shida.

Umra yake inaswihi kabisa, tiketi ya zawadi haina tofauti na ya kununua. Kama maili zako ni za AAdvantage, Qatar Airways wako nao kwenye umoja wa mashirika ya ndege unaoitwa oneworld na wanafika Dar na Jeddah, ila kodi na ada za tiketi utalipa taslimu, weka pembeni mapema. Na wewe ndo mahramu wake, yaani ndugu wa kiume wa kusafiri naye, kwaiyo ni tiketi mbili. Njoo umchukue nyumbani, usimwambie mkutane Doha mnapobadilisha ndege, mama hajawahi kupanda ndege utamtafuta kwenye mageti mpaka swala ipite. Wallahu aalam.